Bi Zizi wa Kwenye Filamu ni Bibi Yangu

Admin nifiche kabisa, na nyie wa Guta mtakaonijua naomba mnyamaze tu. Mimi ni msichana wa miaka 23, nimepanga chumba Nyasho hapa Musoma, nashuti na kuediti video za harusi. Sijasomea popote, nimejifundisha mwenyewe kwenye simu. Naandika harakaharaka maana nikitulia nitafuta.

Nimelelewa Guta na bibi ambaye kwa damu sio bibi yangu. Watu wa Mara mmeshanielewa, wa mikoa mingine nisikilizeni. Bibi hakujaliwa mtoto, mumewe akafa, basi akatoa ng'ombe akamuoa mama yangu ili azae na mwanaume wa nje, watoto wawe wa ule mji. Sio mapenzi mnayofikiria nyie, ni jina la marehemu lisipotee. Kwetu inaitwaga nyumba ntobhu. Tukazaliwa kaka yangu na mimi. Bibi alinibeba mgongoni mpaka nikawa mkubwa naona aibu. Sato akipikwa, kichwa ni changu, kaka alie asilie.

Sasa kaka yuko Mwanza anatengeneza filamu anaweka YouTube. Katoa moja juzijuzi, imesambaa hatari. Kuna kibibi humo kinaitwa Bi Zizi, kinanunua msichana kwa ng'ombe, kinamchagulia mwanaume, kinamfungia ndani. Nilianza kuangalia nikicheka. Mara naona Bi Zizi anaburuta mguu wa kushoto. Nikaacha kucheka. Anatembea na kigoda chake kila anapoenda. Msichana akilia, Bi Zizi anasema, "Ng'ombe wameshafika, maneno ya nini?" Jamani, hayo ni maneno ya bibi! Anayasemaga kwa utani, hata ukikataa uji.

Nikampigia kaka.

"Dogo, si nimebadilisha jina?"

"Na mguu? Na kigoda?"

"Huo ni ubunifu. Kwani anayechechemea ni bibi peke yake? Afu kaangalie views kwanza." Akacheka. Nikamkatia simu.

Kule Guta bibi akipita sokoni watoto wanamfuata wakiburuta mguu kama wa kwenye filamu, "Bi Zizi! Ng'ombe wameshafika?" Mama muuza dagaa aliyekuwaga anamwekea fungu lake, siku hizi anampa akiangalia pembeni. Bibi simu hana, filamu hajaiona. Nilivyoenda akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyo Zizi ni nani?"

"Ni mtu wa kutungwa tu bibi, hayupo."

"Mbona ana mguu wangu?"

Hapohapo nikamwapia nitarekodi video, yeye na mama wamekaa pamoja, mama aseme kwa mdomo wake kwamba hajawahi kuteswa kwenye ule mji. Niirushe, kaka aaibike dunia nzima. Bibi akafurahi, akaanza kutafuta kitenge chake cha kanisani.

Nikaenda Butiama. Mama siku hizi yuko huko kwao, alirudi kumuuguza mama yake, na tangu amzike hajawahi kurudi Guta kukaa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilimkuta anamenya mihogo. Hata salamu sikumaliza.

"Mama, umeona alichofanya mwanao?"

"Nimeona. Nimeirudia mara tatu."

"Umeona uongo ule!"

Akaendelea kumenya. "Nani kakwambia ni uongo?"

Nilidhani ananitania. Akasema taratibu, "Bibi yako hajawahi kunipiga. Hajawahi kuninyima chakula. Ila hayo maneno ya ng'ombe nyie mliyasikia kwenye uji. Mimi niliyasikia mlangoni, siku aliyomleta mwanaume niliyemkataa. Akafunga mlango kwa nje."

Nikamuuliza mwanaume yupi.

"Baba wa kaka yako nilimpenda mwenyewe, akahama," akasema. Afu akaniangalia, akashusha macho kwenye mihogo. Kwani kulikuwa na mtoto mwingine? Tuko wawili tu.

Na kaka alikuwa anajua. Alimsimulia kaka, mimi hakunisimulia. Ningekuwa yeye, hata mimi nisingenisimulia.

Nikamwambia basi mama, video tuache. Akanawa mikono. "Twende. Yule ni mzee, asizikwe na jina la Bi Zizi. Nikae upande gani?"

Tulirekodi uani Guta. Bibi akaniambia, "Mguu usiuchukue." Mama akamshika mkono, akaangalia kamera, akasema huyu ni mama yangu, alinioa kwa heshima, ile filamu ni uongo. Hakurudia hata mara moja. Bibi akalia, "Asante mwanangu, asante." Mama akatabasamu. Nimeshashuti maharusi wengi, lile tabasamu nalijua, nimeshaliona kwa mabibi harusi wanaoangalia geti la kutokea.

Kaka bado namchukia. Kamuiba bibi mguu na kigoda, mgongo alionibeba nao kauacha. Bibi namuangalia nampenda, afu naukumbuka ule mlango. Mama naye siwezi hata kumpigia, nimwambie nini? Samahani nilizaliwa?

Video ninayo kwenye simu, imeshaeditiwa. Kila asubuhi bibi anaazima simu ya jirani, "Mjukuu wangu, umeshairusha? Leo tena wameniita." Nadanganya bando limeisha. Nikiirusha, mimi ndio naufunga ule mlango kwa nje mara ya pili, na mama mwenyewe kanipa ufunguo. Nisipoirusha, bibi anakufa akiitwa Bi Zizi.

Msinitukanie bibi, msinitukanie mama, mkitaka nitukaneni mimi. Ila niambieni, niirushe au nifute? Nimeshindwa jamani.