Godoro katika biro ya kiwanda

Juzi nilikuwa kwenye biro, ofisi ya kiwanda kimoja cha simenti, natafuta karatasi ya marehemu bwana yangu. Mbele yangu kwenye foleni mama mumoja amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, kuku mapajani. Bwana yake, fundi wa mashine, anachunguza viatu vyake. Kampuni imemuhamisha Kabalo, mji wa mbali kwa treni.

"Mama," shefu wa wafanyakazi akasema, "tumemuhamisha yeye. Atatangulia, wewe utafuata."

"Sheria ya kazi inasema muntu akihamishwa, kampuni inamubeba na bibi na batoto. Batoto wako inje na masufuria."

"Nyumba ya kule haijawa tayari."

"Dada yangu naye aliambiwa atafuata. Alipofika, akakuta mwingine anasonga ugali."

Shefu akamugeukia fundi. "Papa, wewe unasema nini?"

"Mimi naona nitangulie kwanza," fundi akaviambia viatu.

Mama akapapasa kuku. "Na wewe shefu, walikuhamisha huku kutoka Lubumbashi. Bibi yako iko wapi?"

Shefu akafunga kalamu, akaifungua tena. "Atafuata."

Foleni yote ikakohoa. Shefu akaandikia jamaa nzima safari ya treni.

Watu wanadhani sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya mizigo. Aliyeiandika alikuwa anajua wanaume. Wakati wa kutoka, fundi alibeba godoro kichwani, likamufunika uso mpaka mabegani, kwa hiyo siwezi kuwaambia kama alikuwa anafurahi.