Siku Parasoli Ilinivuta Mu Ziwa

Nianze na ile ya haya, ipite mbio: mi, baba ya batoto, mutu wa ndevu, niliomba parasoli pardon. Niliiita "mama." Maji ilikuwa inanifika ku kidevu, kamba imenikamata ku muguu, parasoli inanivuta, njo nikasema, "Mama, pardon, niache, sitarudia." Mutu moja alisikia. Kwa bahati mbaya ni rafiki yangu.

Parasoli yenyewe, ile mwavuli kubwa ya soko, ilikuwa ya bibi yangu, mama ya batoto. Anauzishaka mikate chini yake ku soko ya Baraka, me siku ya Mungu hauzishe, basi nikaibeba. Nikabeba na kiti ya plastiki, ile nyeupe mwepesi yenye mutoto anaweza kuinua na kidole moja. Bengine banavua na mutumbwi na nguvu. Mi navua nikiikala. Niko na mugongo mubaya na uvivu muzuri.

Tulienda wawili, fasi mutoni unaingia mu ziwa, sababu samaki zinapenda ile maji ya matope. Rafiki yangu ni Murundi wa ku kambi ya bakimbizi ya Lusenda, mulimaji. Maji ya kunywa anapenda, ya ziwa anaogopa. Akaikala mbali, mu majani, anamenya muhogo na kisu yake.

Nikamuambia, "Sogea, ndugu. Ziwa haikule."

"Ziwa hapana," akanijibu. "Me bile biko ndani?"

Nilicheka mupaka samaki zikakimbia. Wote tunajua pale mamba zinapitaka.

Jua ilikuwa kali, na parasoli ilikataa kusimama. Nachimbia mu muchanga, inaanguka. Nikaifunga na kamba ku muguu ya kiti. Ikasimama, me nikiinuka kuvuta ndoano, kiti na parasoli vyote vinaanza safari. Basi nikapiga hesabu: hapa nani muzito? Ni mi. Nikakamata ile kamba yenye inabakia, nikafunga ncha ku muguu yangu, juu kidogo ya kisigino. Masomo niliachia mu deuxième secondaire, mwaka ya pili. Naona somo ya upepo ilikuwa mu troisième, ile ya tatu.

Na sikufunga ovyo. Nilifunga fundo ya baba, ya kufungia mutumbwi ku jiwe. Ukiivuta inakaza, ikilowa inakaza zaidi. Kwetu mutoto wa muvuvi anajua ile fundo mbele ya kujua kuandika jina yake. Mutumbwi ya baba haikupoteaka hata siku moja. Kuifungua, unangoja ikauke, njo unaanza pole pole na jino.

Nikaikala ndani ya kivuli, muguu inje, kama chef wa territoire, mukubwa wa serikali.

Upepo ya milima haipigake hodi. Niliona kule nyuma, juu ya mutoni, maji inabadilika rangi, inakuwa nyeusi, na ile nyeusi inakuya. Mbele niseme kitu, parasoli ilijaa upepo, kiti ikatoka chini yangu, nikaanguka na matako. Nikasikia muguu inavutwa. Nikacheka tena, ile kicheko ya mutu hajaelewa. Kisha parasoli ikafika mu maji, ikalala na ubavu, ikashika upepo kama tanga. Hapo nilielewa.

Nilikwaruza muchanga na vidole vyote. Muchanga ya pale haishikake mutu. Maji ikanifika ku magoti, ku tumbo, na pale ku mulango ya mutoni chini inakatika mara moja: leo unakanyaga, kesho hakuna. Nikakanyaga, hakuna.

Kuogelea najua. Me jaribu kuogelea na muguu moja, muguu ingine inaenda Ubwari, ngambo ya ziwa, bila wewe. Kila nikiinama kushika fundo, kichwa inaingia mu maji. Nikaishika mara moja. Ilikuwa ngumu kama mufupa. Kucha ikavunjika. Kitu ikanigusa ku paja, nikajua ni mamba, nikapiga kelele mupaka sauti ikaisha. Ilikuwa muguu ya kiti, me ile niliijua kisha. Ile saa kwangu ile kiti ilikuwa na meno. Njo pale nikaanza kuomba parasoli pardon. Mungu nilimusahau kabisa, niliongea na mwenye alinikamata.

Nikaangalia ku inkingo, kule ku muchanga. Rafiki yangu alikuwa amesimama mbali na maji, muhogo ingali mu mukono. Nikawaza: huyu hataingia, na niko na yeye peke yake. Nikaona mama ya batoto anauliza parasoli iko wapi, na mi siko pale kujibu.

Akaingia. Na viatu, na suruali ya misa, kisu mu meno, mukono moja umeshika matete, mukono ingine umenyoosha ile fimbo yangu ya kuvulia. Maji ilimufika ku kifua na macho yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Nikashika fimbo. Yeye ananivuta huku, parasoli inanivuta kule, mi katikati kama suruali yenye ndugu wawili banagombania. Upepo ikapumua kidogo. Akanivuta mupaka karibu, akaacha matete, akashika kamba, akakata.

Parasoli ikaondoka na kiti yangu. Zilienda vizuri, hata hazikugeuka.

Tukalala ku muchanga. Mi nikatapika maji. Yeye akavua viatu, akamwanga maji. Fundo ilikuwa ingali ku muguu yangu, na kipande ya kamba inaninginia. Akaiangalia mingi.

"Ndugu," akasema, "kwetu mbuzi tunafungaka ku muti. Leo njo mara ya kwanza naona mbuzi anajifunga yeye mwenyewe, tena ku kitu ya kuruka."