Mikono Juu Mpaka Kanada

Asubuhi hiyo maji ya mvua yaliingia tena chumbani kwangu Bwaise, nikavaa viatu vilivyolowa, nikatoka. Sikuwa na pa kwenda. Nilipita Kalerwe, nikala ndizi mbili nikitembea, na nilipofika Kamwokya nikasikia watu wakiimba ndani ya ua. Mimi sipiti penye kelele bila kuuliza.

Walikuwa Wakongo wa kikundi kimoja cha maombi. Binti wa mama mwenye nyumba alikuwa amepanda ndege Entebbe jana yake mchana, anahamia Kanada. Desturi yao ni kwamba mtu wao akiwa angani, lazima mmoja awe amesimama mikono juu, kama Musa kule mlimani, la sivyo ndege inakosa wa kuishika. Walipokezana usiku kucha. Binti alipoteremka njiani kubadilisha ndege, nao walikaa wakanywa chai. Tiketi ilisema atatua saa tatu asubuhi, na saa tatu ilikuwa imepita, kwa hiyo walinawa, wakaanza kula ugali na sombe ya majani ya muhogo.

“Saa tatu ya huku au ya huko?” nikauliza.

“Saa tatu ni saa tatu,” akasema mzee mmoja, aliyekuwa wa kwanza kunawa, tonge mkononi.

“Huko sasa ni usiku wa manane, mzee. Wako nyuma yetu kwa saa saba. Na safari yenyewe ni kilomita elfu kumi na mbili hivi, hata ndege isipokata kona.”

Mama akasimama. “Kwa hiyo mutoto yangu bado iko juu?”

“Bado, mama.”

“Na ni nani anashika ndeke?”

Mikono yote ilikuwa kwenye sombe.

Jirani Mkenya, aliyekuja kula tu, alijaribu kumtuliza. “Mama, kama imeenda saa nzima bila nyinyi, si basi inajua njia?”

“Ama imeisha kuanguka,” mama akajibu, akaketi chini kwenye udongo.

Mzee akanielekezea kidole chenye mafuta. “Wewe mwenye kuleta saa, simama!”

Nikasimama. Ndege nzima, na abiria nisiowajua, juu ya mikono yangu. Pua iliniwasha, na nilipoomba ruhusa ya kujikuna, Mkenya alinikuna yeye, kwa uangalifu mkubwa. Tulipokezana mpaka jioni, mama akikataa kula, simu mapajani.

Ikalia.

“Nimefika, mama. Baridi!”

Mama alilia kwanza. Kisha akauliza, “Saa ile ya asubuhi ya huku, ndeke haikutikisika?”

“Ilitikisika kidogo.”

Ua mzima ukamgeukia mzee aliyetangulia kunawa.

“Haikuanguka, lakini,” akasema mzee.

Mama alikula sahani mbili za ugali baridi. Halafu akaniuliza ninalala wapi, nikamwambia chumba changu kimeingia maji, bado sijajua.

“Kitanda ya mutoto iko wazi,” akasema. “Lakini usikisogeze kwa ukuta. Yeye hapendi.”

Nikavulia viatu mlangoni.