Mtafiti Alipouliza Faida ya Mkutubi

Mwaka juzi nilikuwa nikitengeneza rafu katika maktaba ya sekondari moja hapa Mpanda, alipoingia mtafiti kutoka Dar es Salaam. Alitaka kujua kama mkutubi wa shule huwasaidia wanafunzi kujifunza. Mkuu wa shule alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Hapa kitabu hakitoki nje, ndugu," alisema. "Atakayekitoa hana kazi."

"Hata vumbi mmelitunza, mzee," mtafiti akatania.

Hakuna aliyecheka. Mkutubi, mama wa makamo, alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Kila Ijumaa aliwapa wanafunzi vitabu kwa siri, wakavisome nyumbani kwao, mtaani Kawajense. Hata mimi, niliyejifunza kusoma uzeeni, alinipa.

Mtafiti akamgeukia msichana wa kidato cha pili. "Mwanangu, mama huyu amekusaidia nini?"

Msichana akamtazama mkuu, kisha sakafu.

"Hakuna, mwalimu."

"Hata kitabu kimoja?"

"Hata kimoja."

Mtafiti akaandika. Mkutubi akashusha pumzi, kama mshtakiwa aliyeachiwa huru.

Sasa mama yule amestaafu, ndiyo maana nathubutu kuyaandika haya. Hajaletwa mwingine, na maktaba imefungwa. Naogopa kwamba walioamua hivyo waliisoma ripoti ile na kuiamini.

Mimi pia niliulizwa siku ile, wasomaji wangu. Nilijibu kwamba mimi ni fundi tu, nikaendelea kupiga misumari.