Fundi wa Pioneer Anayetakiwa Kusema Asante

Saa nne asubuhi, mvua imepiga mabati ya kibanda mpaka ikachoka, na Hulda Amolo ameondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Ni zamu yake kusoma. Anafuta chaki mikononi kwa leso, anavaa miwani ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi mweusi, kisha anafungua kitabu pale alipokunja pembe ya ukurasa.

Wenzake wawili, Nangila na Salma, hawaachi kushona. Mbele yao kuna rundo la mashati ya shule, ya buluu, bado hayana kola. Katika kibanda hiki cha mtaa wa Pioneer, Eldoret, mafundi hawa wana desturi yao: anayesoma hashoni, na mashati yake wenzake wanagawana wayamalize. Ndiyo maana kitabu kibaya hapa hakisamehewi. Kimekula jasho la watu.

"Soma basi, Mama Lorraine," anasema Salma. "Na usiruke pahali pabaya."

"Pote ni pabaya," anajibu Hulda.

Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Hulda anakigeuza kuwa Kiswahili papo hapo, mstari kwa mstari. Jina lake ukiligeuza linakuwa *Mlango Wangu Ulikuwa Wazi*. Ni kumbukumbu za Bwana Lazarus, mwenye malori hapa mjini, ambaye watu wanasema atatafuta kiti uchaguzi ujao.

"'Jioni hiyo ya Januari,'" anasoma, "'jirani yangu Johnstone, seremala, alinipigia magoti langoni akilia kama mtoto. Nilimwinua kwa mkono wangu. Yeye, mkewe na binti yao mdogo wakaingia, nikawaficha nyumbani kwangu hadi hatari ikapita.'"

Cherehani zote mbili zinanyamaza. Johnstone alikuwa mume wa Hulda. Alifariki miaka michache iliyopita kwa ugonjwa wa kifua.

"Uongo," anasema Hulda. Hapigi kelele. Analikata neno hilo kama mtu anayekata uzi kwa meno.

Hulda, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, alizaliwa upande wa ziwa na kuishia kidato cha pili. Alikuja Eldoret msichana, akajifunza ushonaji, akaolewa mtaa wa Langas. Shati moja la shule linampa shilingi themanini. Kitabu cha Lazarus kitauzwa elfu moja mia tano. Hakununua, aliletewa bure, na hilo tutalifikia.

Kusoma kwa sauti alianza kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani, mwaka wa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi. Wasamaria wema walileta unga, blanketi, na katoni moja ya vitabu.

"Unga tuligombania, karibu tung'oane nywele," anakumbuka. "Vitabu hakuna aliyevigusa. Nikachukua kimoja nimsomee binti yangu Lorraine, maana alikuwa akisikia kishindo chochote analia. Kumbe akina mama wa hema lile walikuwa wanasikiliza."

Tangu siku hizo hajaacha. Anabadilishana vitabu na muuza vitabu vya mtumba, na akikutana na kitabu kinachohusu ghasia hizo, hata kama jalada limeng'oka, lazima akibebe. Na karibu vyote vinamkasirisha.

Juzi tu walimaliza riwaya moja ya msichana anayeokoka moto wa nyumba. Nangila alipenda. Hulda hakupenda hata kidogo.

"Moshi, moshi, kila ukurasa moshi!" anasema. "Kwani sisi tulikuwa tunakula moshi? Kambini tulikuwa tunaibiana sufuria. Kuna mama aliuza blanketi ya mtoto anunue mafuta ya nywele, na tulimcheka mpaka tukasahau tuko wapi. Kuna wasichana walipata wachumba. Huyu mwandishi ametugeuza watu wa kulia tu. Mimi nikilia sana ni masaa mawili, halafu nataka chai."

"Lakini yule bibi kizee alikuwa mzuri," Nangila anajaribu kumtetea.

"Bibi kizee wa hekima! Kila kitabu yuko! Bibi wetu kule Langas alikuwa anatukana mpaka askari wanaona haya."

Kabla ya hiyo walikuwa wamesoma kumbukumbu za mkubwa mmoja aliyewahi kuwa serikalini wakati ule. Hulda anahesabu kwa vidole: sura ya shule aliyosoma, sura ya gofu, sura ya safari za ng'ambo, sura ya marafiki zake. Eldoret ilipata aya moja.

"Aya moja! Watu walikufa, akawapa aya moja, na mbwa wake akampa kurasa mbili. Tena anasema makosa yalifanyika. Yalifanyika na nani? Yalikuja yenyewe kama mafua?"

Kipo kimoja alichokipenda, kumbukumbu za muuguzi aliyesema wazi kwamba alipoona moto alikimbia na kumwacha mgonjwa kitandani. "Huyo nimemwamini," anasema Hulda. "Amejitaja. Ukiona mtu kwenye kitabu chake kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho yeye ni mzuri tu, kishike vizuri uangalie amekalia nini."

Sasa ni kitabu cha Lazarus, na Hulda anajua alichokikalia.

Jioni hiyo inayotajwa, anasema, wakora walikuwa wakienda nyumba kwa nyumba Langas, na mumewe alikuwa wa kabila lililokuwa likitafutwa. Walitoka na mtoto mgongoni, mwenye homa, na nguo walizovaa. Lango la kwanza lilikuwa la Lazarus. Johnstone ndiye aliyelitengeneza, yeye mwenyewe, ubao kwa ubao.

"Akabisha. Lazarus akaja, tukasikia ndara zake. Akasema akiwa ndani, 'Ondokeni hapo, msiniletee moto.' Mume wangu akamwambia, 'Chukua mtoto peke yake.' Ndara zikarudi ndani. Basi. Huo ndio mlango uliokuwa wazi."

Aliyewaficha ni mwingine, mzee Mwislamu, mfanyabiashara, ambaye hata hawakuwa wanajuana naye vizuri. Jina lake halimo katika simulizi hii, wala pahali duka lake lilipo. Sababu ni kwamba siku aliyowatoa salama kwenda kambini aliwapa sharti.

"Alituambia, 'Msinitaje kwa mtu. Nimefanya kwa ajili ya Mungu. Mkinitangaza mnaninyang'anya thawabu yangu.' Tukaahidi. Johnstone amekwenda kaburini na ahadi hiyo."

Basi ahadi ikakaa miaka yote hiyo, na kimya hicho kikawa kama kiwanja kisicho na ua. Mwishowe Lazarus amejenga.

Jumamosi hii kitabu kitazinduliwa katika ukumbi mmoja mjini, na Hulda amepangiwa kuwa shahidi. Aliyemletea mwaliko pamoja na kitabu ni Mama Nabwire wa kamati ya uzinduzi. Walizungumza hapa kibandani, na Salma na Nangila walisikia kila neno.

"Mama Lorraine, ni kusimama tu, useme asante, uketi."

"Asante ya nini?"

"Si mambo ya zamani hayo! Mzee wako ametajwa kwa heshima kabisa."

"Kwa heshima? Amepigishwa magoti!"

"Kupiga magoti si aibu, dada. Hata kanisani tunapiga."

"Johnstone hakuwa anapiga hata kanisani," Hulda akamwambia. "Goti lake liliangukiwa na boriti kabla hajanioa. Mungu mwenyewe alikuwa anamwomba akiwa wima, itakuwa Lazarus?"

Mama Nabwire alisahau mwavuli wake akienda.

Alipopigiwa simu, Bwana Lazarus hakutaka kuzungumza sana. "Kumbukumbu ni zangu," alisema. "Mwenye zake naye aandike." Kisha akakata.

Ukimwambia Hulda maneno hayo, anacheka bila furaha. "Aandike! Nani ana malori ya kulipia uchapishaji?"

Binti yake Lorraine, ambaye sasa ni mwalimu huko Soy, amempigia akimsihi asiende. Uchaguzi unakaribia tena, alimwambia, na watu wenye pesa hawasahau. Hulda anasema alimsikiliza mpaka mwisho. Hofu ya mtoto wake anaielewa; yeye ndiye aliyembeba mgongoni.

Lakini wiki iliyopita alifunga kibanda mapema akaenda kwa yule mzee. Alimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, anamenya chungwa. Mazungumzo yao anayasimulia hivi.

"Mzee, kuna mtu amekuibia."

"Ameiba nini? Mbuzi?"

"Ile siku yetu. Ameiandika kwenye kitabu kuwa ni yake."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Amechukua sifa. Hizo ni nyepesi, mwache abebe."

"Niruhusu niseme ni wewe."

"La, mama. Nimengoja miaka yote hii, halafu uniharibie karibu na mwisho?"

Hapo, Hulda anakiri, alimkasirikia hata yeye. "Nikamwambia, 'Mzee, nisamehe, lakini watu wema mkinyamaza, wanaoandika ni wenye malango. Wema wako umemwachia mwizi nafasi, na anayeumia ni marehemu wangu.' Sikuwahi kumjibu mtu mzima hivyo."

Kisu kilisimama kwenye chungwa. Mzee akasema, "Mimi nifiche vile ulivyoahidi. Lakini mume wako si wangu kumficha. Huyo mtoe."

Kwa hiyo Jumamosi Hulda atakwenda. Ameshaamua. Atasimama watakapomwita, atasema kwamba Johnstone seremala hakumlilia mtu wala hakumpigia mtu magoti, na kwamba lango lile lilifungwa mbele ya mtoto mwenye homa. Anataka aya hiyo iondolewe na jina la mumewe litoke kabla kitabu hakijachapishwa tena. Zaidi ya hapo haombi kitu.

Nangila, ambaye muda wote huu ameshona pia mashati ya Hulda, anainua kichwa. Ana wasiwasi, na anausema.

"Watakuzomea. Watakuuliza, kama si Lazarus, ni nani aliwaficha? Ukinyamaza utaitwa mwongo mbele ya ukumbi mzima. Utawajibu nini?"

Hulda anafunga kitabu, anatia uzi kwenye sindano, anakosa, anatia tena.

"Nitawaambia ni mtu ambaye hajaandika kitabu."