Soda za Mzee Sadalla

Soda za harusi zikibaki kwenye chupa, kazi yangu ilikuwa kuzimimina kwenye ndoo ya Mzee Sadalla. Yeye anachanganya na maji, anadeki ukumbi mzima peku, ndala kwapani. Alijifunza enzi za mpira wa kikapu: sukari inashika kiatu, mchezaji hatelezi.

"Miaka thelathini na moja," alikuwa akijisifu, "hajaanguka mtu kwangu!"

Mechi zilikwisha zamani. Ukumbi wetu huu wa Msimbazi, nyuma ya maduka ya vitenge, sasa ni wa matamasha na harusi. Wenye ukumbi wapya walishatangaza kupunguza wafanyakazi wazee. Mzee alijua akikosea kidogo tu, hana kazi.

Ijumaa wacheza shoo walikuja kufanya mazoezi pale chini, mbele ya jukwaa. Wanateleza kwa makusudi, wanazunguka kama pia. Mzee akashika kichwa.

"Mama Najma, hawa watoto watavunjika. Lete soda zote."

"Babu, msimamizi kasema sakafu isiguswe."

"Ansbert? Huyo nimemkuta ananyonya. Lete ndoo."

Nikaleta.

Jumamosi mchana, mazoezi ya mwisho, Nice, binti aliyekuwa anawaongoza wenzake kucheza, akajizungusha. Mwili uligeuka, kiatu kikabaki pale pale. Goti lililia, nililisikia kutoka mlangoni. Akaanguka anapiga kelele.

Ansbert akainama, akagusa ubao wa sakafu, akanusa vidole.

"Nani kamwaga soda hapa?"

Mwanangu Najma alikuwa mgongoni. Nikajifanya namfunga kanga vizuri.

"Haijamwagika," Mzee akasema. "Nimedeki."

"Nani alikusaidia?"

"Peke yangu."

Hakunitazama hata kidogo. Akaenda kupiga magoti kwa Nice. "Nisamehe, binti yangu. Nilitaka usianguke." Nice akageuzia uso ukutani, analia.

Ansbert akamwambia arudishe funguo za stoo, asirudi Jumatatu. Mzee akavuka ukumbi peku kama kawaida yake. Ndala alivaa alipofika getini.

Kazi bado ninayo. Jumapili iliyopita kulikuwa na harusi, nikajikuta nimejaza ndoo soda hadi juu kabla sijakumbuka. Nikasimama nayo mlangoni pa stoo. Halafu nikaenda kuimwaga chooni, nikaivutia maji mara mbili.