Fimbo Sita na Nyongeza

Jambo lile zima liligharimu majani mawili ya mkonge na fimbo saba. Nimehesabu tena: fimbo tisa. Mtaona tofauti ilikotoka.

Mpaka leo nikipita kwenye duka la kamba, sokoni Kilosa, harufu ya katani mpya hunikaza mgongo. Nilikulia kwenye kambi ya shamba la mkonge, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa mkataji. Majani thelathini yalifungwa tita moja, na mimi, binti wa miaka minane, ndiye niliyemhesabia, kila tita mara mbili, maana baba alisema hesabu ya mara moja ni uvumi.

Adhabu, nyumbani kwetu, lilikuwa neno la mama. Paa likivuja, adhabu. Kuni mbichi, adhabu. Hakuna aliyeumia.

Siku hiyo kipande cha baba, kadi yake ya siku za kazi, kilikuwa na alama ishirini na tisa. Kama ya thelathini ingekosekana jioni ile, muda wa kipande ungekwisha na kazi yote ingekwenda bure. Mimi nami nilikuwa na mwanasesere wa gunzi asiye na nywele. Nikachomoa majani mawili kwenye tita lililokwisha fungwa, nikakaza kamba, nikayaponda nipate nyuzi. Matita yalikuwa mengi; nilikadiria kwamba nyapara akija kukagua hawezi kulichagua lile.

Alilichagua lile.

"Ishirini na nane," alisema, akamtazama mwanasesere wangu, ambaye nywele zake zilikuwa bado zinadondosha maji.

Baba akaomba akate tita zima la fidia. Nyapara akamjibu kwamba majani yamejaa shamba zima. Yeye anataka adhabu. Baba mwenyewe amchape mtoto palepale, wenzake wakiona, fimbo kumi, ndipo alama iandikwe.

Baba akataja tatu. Nyapara akashuka hadi nane. Baba akapanda hadi nne. Wakataji wakaanza kucheka, mmoja akauliza kama wanauziana kuku. Wakaafikiana sita.

Mbili za kwanza zilikuwa za kufukuza nzi. Nyapara akasema hizo hazihesabiki, aanze upya. Baba akaanza upya. Ya sita ilipotua, nyapara akauliza kwa upole, "Sokoni kwenu hampeani nyongeza?"

Baba akatoa nyongeza. Alama ikaandikwa.

Tukiwa njiani nikamwambia, "Baba, zilikuwa tisa."

"Najua, mwanangu. Nami nilihesabu."

Tangu siku ile alihesabu majani yake mwenyewe, kwa vijiwe, na hakunishika tena mkono tukivuka reli. Kwa miaka mingi niliamini kwamba amenikasirikia. Ni mpaka nilipomwinulia kiganja mwanangu wa kwanza, kikaganda hewani, ndipo nilipokumbuka kwamba nyapara hakunitazama hata mara moja fimbo zilipokuwa zikishuka. Alikuwa akimtazama baba usoni.

Baba amekwisha kufa. Nyapara yu hai, mzee wa Mikumi, huketi barazani karibu na ninapopelekea mchele wangu. Kila nikipita, magoti yananikunjika yenyewe: shikamoo. Naye hujibu, "Marahaba, binti yangu," hanijui. Jumamosi nitapita tena. Ninyi mliolelewa vyema, nishaurini: nimwamkie, au nimwambie kwanza mimi ni binti wa nani?